Maji ya Kijani Sebuleni kwa Mama Neema

Vijana wangu, kabla hamjanunua samaki wa dhahabu, simameni kwanza sebuleni mtazame dirisha. Jua linaingilia wapi? Mchana linafika mpaka kwenye kochi gani? Kama hamjui, samaki wabaki dukani, hawana haraka. Mimi nimehudumia matangi ya samaki wa mapambo tangu nikiwa na meno yote, kuanzia Tunduma mpakani hadi Mlowo na vijiji vya Mbozi, na nyumba nyingi nilizoitwa zilikuwa na tatizo lilelile. Mtu kaweka tangi dirishani ili wapita njia waone kwamba hapa pana samaki, jua limepiga, maji yamekuwa kama mlenda, na mwenye nyumba ananiuliza kama nimekuja na dawa.

Dawa sina. Nilikuwa na ndoo, mpira, dodoki jipya lisilojua sabuni, na mdomo. Mdomo ndio uliofanya kazi kubwa. Samaki hawana shida, huwapi chakula hawasemi, unawapa hawasemi. Wenye samaki ndio walionimaliza nguvu.

Mtaani waliniita Mama Samaki, na jina hilo limenitesa. Watu walikuja kwangu na vikapu wakiulizia kambale wakavu wa Kamsamba. Mama mmoja hakuniamini niliposema siuzi, akachungulia ndoo yangu, akaona samaki wawili wekundu wadogo wakizunguka. Akasikitika kweli. "Hawa hata mafuta ya kukaangia hawarudishi," akaniambia, akaondoka akinihurumia.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tukimwita Ba Mulenga. Yeye ndiye aliyekuwa akileta samaki kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa, akipita katikati ya malori yaliyopanga foleni, ameikumbatia mifuko kifuani na kuwafokea madereva wazime honi kwa sababu abiria wake wana moyo mwepesi. Elimu yake yote ilikaa kwenye neno moja la Kibemba, panono, yaani kidogo. Chakula panono. Taa panono. Kusafisha nako panono. Siku zangu za mwanzo nilitaka kumwaga maji yote ya tangi nianze upya, maana mimi nimelelewa na mama aliyesugua sufuria mpaka zinatoboka. Ba Mulenga akanishika mkono.

"Awe, mayo!" akasema, yaani hapana, mama. "Ukimwaga yote umewahamisha nchi. Toa robo, weka robo. Na hayo unayoweka yalale kwanza kwenye ndoo, ile dawa ya bomba ya kuua vijidudu iondoke."

Hilo lishikeni. Na sponji ya chujio isuuzeni kwenye maji yaleyale mliyoyatoa tangini, msiipeleke bombani. Ndani ya sponji wanaishi vijidudu wasioonekana ambao kazi yao ni kula uchafu wa samaki. Ukiwapiga maji ya bomba umewafukuza kazi bila notisi, na kazi yao itakuangukia wewe. Kuhusu kuvuta maji kwa mpira, Ba Mulenga alinifundisha vizuri sana namna ya kuanza kuvuta kwa mdomo. Namna ya kuacha kwa wakati hakunifundisha, nilijifunza mwenyewe, na sitaeleza ladha yake kwa sababu huenda mnasoma mkiwa mnakula.

Sasa huo ukijani. Vitabuni mtakuta unaitwa mwani, na upo wa namna mbili ambazo nimepambana nazo. Upo unaoganda kwenye kioo, huo ni mnyonge, unaukwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Upo mwingine unaoelea mpaka maji yenyewe yanakuwa ya kijani, na huo hukwangui kitu. Mwenye saluni mmoja wa Tunduma alidhani atauweza kwa kuweka buluu ya kufulia, apate rangi ya bahari. Nilipofika samaki wake walikuwa na mapezi ya buluu, na wateja walikuwa wakiuliza kama hiyo ni rangi mpya ya kucha. Tuliwaokoa, lakini ukijani ulirudi, tena ulionekana umefurahia mapumziko.

Nimewaeleza hayo yote ili muelewe simu niliyopigiwa na Mama Neema wa Iyula.

"Mama Samaki, njoo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. "Baba Neema anataka kuchukua tangi langu awekee vifaranga."

Mama Neema na mumewe ni wakulima wa kahawa. Binti yao Neema, alipopata kazi Tunduma, aliwaletea wazazi tangi zuri la kioo na samaki wanne wa dhahabu. Mama Neema ni mwanakwaya, kwa hiyo akawapa majina ya sauti: Soprano, Alto, Tena, na yule mnene kupita wote akamwita Besi. Sasa Neema alikuwa amepata mchumba, kijana wa Mbebe huko Ileje, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kuleta posa. Wangekaa sebuleni, na kitu cha kwanza ambacho wangekiona ni lile tangi.

Nilipofika niliinama nikalichungulia lile tangi. Maji yalikuwa mazito na ya kijani, samaki hawaonekani, ila mara mojamoja mdomo wa Besi ulikuja kugusa kioo, ukafunguka na kufungika, kisha ukazama tena. Baba Neema alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Ni mzee wa kanisa, mtu mrefu, mkavu, anayeongea kwa vipimo.

"Wakwe wakikuta mlenda huu sebuleni watasema binti yetu katoka nyumba isiyooga," alisema. "Nimeagiza vifaranga. Kioo kinatunza joto, na Iyula hapa ni baridi. Maji yakiwa hivi siku ya wageni, kesho yake vifaranga wanaingia, samaki wanakwenda mtoni."

"Mtoni watakufa, Baba Neema," nikasema.

"Mtoni ndiko wanakokaa samaki."

Akatoka. Mama Neema akafuta macho kwa upande wa kitenge. Akaniambia kwamba watoto wote wameshaondoka, Neema naye anakwenda Ileje, na mumewe kwa siku anasema maneno ya kujaza kijiko. "Hawa ndio ninaoongea nao nikichambua mboga," alisema. "Besi akinisikia anakuja mbele. Nikiimba anafungua mdomo." Jamani, nilimwonea huruma. Nimeona watu wakilia kwa sababu ya ng'ombe, na hakuna aliyewacheka, basi kwa nini mtu achekwe akimlilia samaki?

Nikaanza kazi. Tangi lilikuwa dirishani, kama kawaida, tukalihamishia kwenye ukuta wa ndani. Taa yake ilikuwa inawaka tangu alfajiri mpaka watu wanalala, maana ilikuwa imegeuzwa ndiyo taa ya sebule. Nikasema iwashwe jioni tu, wakati watu wanawatazama samaki. Nikakwangua kioo, nikatoa robo ya maji, nikaweka mengine yaliyolala. Nikamwagiza Mama Neema ampe kila samaki chakula panono, kile wanachomaliza kabla hajafika jikoni na kurudi. Nikarudi Tunduma nikijisifu.

Nikaitwa tena. Maji yamekuwa ya kijani kuliko mwanzo.

Safari hii nilikunja mikono ya gauni, nikaingiza mpira mpaka chini kabisa, nikavuta. Yakaanza kutoka mambo. Vilitoka vipande vya viazi. Ikatoka ndizi. Zikatoka punje za kande, mahindi na maharage yake, na katika hayo maharage, naapa kwa jina la mama yangu aliyezisugua sufuria, moja lilikuwa limeota na lina majani mawili.

"Mama Neema," nikasema, "humu mmelima?"

Akakaa chini. Ndipo ukweli ulipotoka, na ukweli huo mtaupata nyumba nyingi za huku kwetu, kwa hiyo sikilizeni. Iyula mtu hali mbele ya mwenzake bila kumkaribisha. Sasa mgeni amekaa sebuleni, ameletewa sahani ya kande, na mbele yake kuna kiumbe kinamtazama usoni kikifungua mdomo. Afanye nini? Atampitishia tonge. Kinamama wa jumuiya wakija kusali, kila mmoja anamega kidogo. Jirani akija kuazima chumvi, na yeye hapiti hivihivi. Na samaki wa dhahabu hajui kushiba, ila tumbo lake ni dogo, kinachobaki kinazama, kinaoza, na ule mwani unakula kuliko mwenye nyumba.

Baba Neema alikuwa mlangoni anasikiliza. Nikamgeukia.

"Wewe ni mkulima," nikamwambia. "Mmeweka maji, mkaweka jua, sasa kila siku mnaweka mbolea. Mlitaka kiote nini, nywele?"

Akalichukua lile haragwe lililoota, akaligeuzageuza. Nadhani aliliheshimu kidogo.

"Basi wageni waambiwe wasilishe," akasema.

"Nitawaambiaje?" Mama Neema akaruka. "Mgeni anataka kutoa chakula mimi namzuia? Si watasema nyumba hii ina uchoyo mpaka kwa samaki?"

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yetu, vijana, wala hamtaukuta kwenye simu zenu. Tulijaribu kufunika mfuniko kwa kitambaa cha kufuma na kuweka chombo cha maua juu yake, ili usifunguke upesi. Wageni walikishusha chombo cha maua kwa adabu, wakakunja kitambaa vizuri, wakatupia viazi, kisha wakarudisha kila kitu mahali pake.

Siku ya posa ilikuwa inakaribia. Nikaamua kutumia giza. Maji ya kijani yakinyimwa mwanga kabisa kwa siku chache, mwani unakufa wenyewe, na samaki hawadhuriki kama pampu ya hewa inafanya kazi na hawalishwi hovyo. Nikalifunga tangi lote kwa blanketi jeusi, katikati ya sebule, nikamwambia Mama Neema asiliguse. Sikufikiria linavyoonekana. Jirani aliingia kurudisha chumvi, akaona umbo limefunikwa blanketi sebuleni, akavua viatu, akakaa chini kimya na kuanza kulia. Mama Neema alikuwa shambani. Kinamama wa kwaya walipopita wakamkuta jirani analia, nao wakavua viatu. Baba Neema aliporudi kutoka kanisani alikuta kwake wanaimba sauti nne nyimbo za kuaga, na mama mmoja akamkumbatia na kumuuliza marehemu alianza kuumwa lini.

"Ni samaki," alisema Baba Neema.

"Alikula samaki?" wakauliza, na kilio kikaongezeka.

Lakini giza lilifanya kazi. Tulipofunua, maji yalikuwa na ukungu mweupe kidogo tu. Nikavuta uchafu wa chini, nikabadilisha robo, nikasuuza sponji, na asubuhi ya siku ya posa yalikuwa safi kiasi kwamba Baba Neema alisimama akayatazama kwa muda. Samaki wote wanne walikuwa wazi, mapezi yao yanapepea. Besi alikuja moja kwa moja kwenye kioo kumwangalia mzee. Mzee akakohoa, akarekebisha tai. "Wageni hawajaondoka bado," akasema. "Yakichafuka leo, neno langu ni lilelile." Na vifaranga tayari walikuwa wamefika, wanalia ndani ya boksi uani.

Mama Neema aliniomba nibaki. Nikavishwa kitenge, nikatambulishwa kama shangazi, nikawekwa kwenye kigoda kando ya tangi kama askari wa benki. Wageni wa Mbebe wakaingia: baba wa kijana, Mzee Kibona, mtu mnene mpole mwenye tabasamu, kinamama wawili, wajomba, na mshenga wao. Wakasalimia, wakasali, wakalisifia tangi. Chakula kikaletwa. Mzee Kibona akanawa, akamega tonge la ugali, akaliviringa, akalichovya kwenye mchuzi wa kuku. Kisha akainua macho.

Besi alikuwa anamtazama.

"Na huyu mwenzetu?" akasema Mzee Kibona, kwa upendo mtupu, akasimama na lile tonge lenye mchuzi. Nyuma yake, ujumbe mzima wa Mbebe ulikuwa umeshamega.

Shangazi wa kitenge nitamwambia nini baba mkwe? Mama Neema aliniangalia, akamwangalia Neema aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia, akaliangalia tangi lake, na niliona machozi yanaanza kujipanga. Tonge moja la mchuzi lingetosha kuyavuruga maji yale, na pale matonge yalikuwa yanakuja mengi. Mzee Kibona alishafika kwenye mfuniko.

"Mkwe," ikasema sauti. Ilikuwa ya Baba Neema. Alikuwa amesimama. "Samahani, mkwe. Huyo mnene hali ugali."

Kumwambia mgeni hivyo! Tabasamu la Mzee Kibona likapungua. "Hali? Kwa nini?"

Baba Neema, mzee wa kanisa, mtu ambaye sijawahi kumsikia akiongeza hata chumvi kwenye habari, alianza kutoka jasho kwenye paji la uso. Akamtazama Besi. Besi akafungua mdomo.

"Ana kisukari," akasema Baba Neema.

Mzee Kibona alilishusha tonge polepole. "Jamani," akasema. "Mama yangu mzazi alikuwa nacho." Akarudi kukaa, na sura yake yote ilikuwa ya majonzi. Wajomba nao wakarudisha matonge sahani. Mmoja wa wale kinamama akauliza, "Na hao wengine watatu?"

"Wanafuata masharti pamoja naye," akasema Baba Neema, "ili asijisikie vibaya."

Hapo wageni waliguswa kweli. Wakauliza nani anamtibu, na yule mzee, bila aibu, akaninyooshea mimi kidole. Nikawa daktari papo hapo. Mama wa kijana akaniuliza kama uji wa ulezi unaruhusiwa. Kwa woga Kiswahili kilinitoka chote nikajibu, "Awe, mayo." Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akidhani hilo ndilo jina la kitaalamu. Kisha Mzee Kibona akaomba tusimame tumwombee mgonjwa. Alisali sala ndefu, kwa Kindali cha kwao na kwa Kiswahili, akitaja figo na macho na miguu, ingawa miguu Besi hana. Kuku alipoa. Kila aliposema "amina" Besi alifungua mdomo. Baada ya hapo mazungumzo ya mahari yalikwenda kwa ulaini ambao mshenga mwenyewe alishangaa, maana pande zote mbili zilikuwa zimeshalia pamoja.

Wageni walipoondoka, Mama Neema alimgeukia mumewe. "Baba Neema, wewe umesema uongo. Mbele ya wakwe."

"Sasa ningefanyaje?" akasema yule mzee. "Si ungebaki unalia peke yako humu ndani?" Akatoka nje haraka, na jioni ile nilimwona anapigilia mbao, anawatengenezea vifaranga nyumba yao.

Kwa hiyo, vijana, yote niliyowaambia kuhusu jua, taa, robo ya maji na sponji ni ya kweli, yashikeni. Lakini kama mnaishi kwa watu wenye ukarimu, samaki mpeni ugonjwa mapema, kabla hamjamaliza kujaza tangi. Tangu siku ile wateja wangu wote niliwashauri hivyo. Gesti moja ya Tunduma samaki ana vidonda vya tumbo. Yule wa saluni, mwenye mapezi ya buluu, ana presha. Madereva wa malori wanamsalimia kwa sauti ya chini.

Wakwe wa Mbebe hawajaacha. Simu ikitoka huko, wanaanza kumuulizia Besi ndipo wafike kwa Neema na mumewe. Baba Neema hawezi tena kulitoa tangi hata akitaka, na sioni kama anataka.

Magoti yalipokataa kubeba ndoo, nilizunguka kuwaaga wateja. Iyula nilimkuta Baba Neema peke yake sebuleni, kiti chake amekigeuza kimeipa televisheni mgongo, anatazama tangi. Maji yalikuwa safi kabisa. Besi amekuwa mkubwa, amenenepa zaidi, akaja kwenye kioo kunitambua. Moyo ulinijaa. Nikaomba nimpe chakula kidogo tu, punje moja, ya kuagana.

Mzee alilivuta kopo la chakula, akalificha nyuma ya kiti.

"Hapana, Mama Samaki," akasema kwa upole. "Unajua mwenyewe hali yake."